Nani Ashike Kibodi?

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu aliyeandika programu za kompyuta kwa miaka mingi, mwenzake akimjia katikati ya kazi na kumwambia "mzee, hiki kitu kimekataa", aache kazi yake amsaidie, au amwambie asubiri? Wengine wataona ni swali la tabia, la ukarimu na uchoyo. Mimi naliona ni swali la kazi yenyewe: programu zinaandikwa wapi, zinaandikwaje, na zikiharibika nani anajua pa kuanzia. Nimelileta Sumbawanga makusudi. Dar es Salaam mtaalamu mmoja akikunyima msaada unavuka barabara kwa mwingine. Huku Ufipa mtu wa mifumo akiitwa Dodoma kwenye semina ya wiki moja, ofisi nzima inajua hayupo.

Sauti ni nne, na nimezitunga mimi kutokana na watu wa aina ninayoifahamu. Msomaji asihangaike kutafuta majina. MKONGWE alianza na COBOL, akala chumvi nyingi Dar es Salaam, sasa amerudi nyumbani na kuwafanyia kazi wateja wa mbali akiwa katika chumba cha uani, Chanji. BINTI alisoma Chuo Kikuu cha Dodoma na anaishi kwa mikataba midogo midogo ya kutengeneza programu. MWENYE STESHENARI ana duka karibu na stendi: anachapa, anatoa kopi, anawajazia watu fomu za mtandaoni. MUUGUZI amepanda kutoka zahanati moja ya bonde la Rukwa kuja kujaza maombi yake ya uhamisho, akatukuta kwenye benchi la duka hilo tukibishana.

MKONGWE: Tuanze na mahali pa kazi, maana nusu ya magomvi ya kusaidiana huanzia hapo. Vijana wakija kwangu huuliza natumia kompyuta gani, programu gani ya kuandikia, skrini ngapi. Hakuna anayeuliza umeme wangu unatoka wapi. Mkoa huu kwa miaka mingi umetumia umeme wa Zambia unaoingia kupitia Mbala, ukisaidiwa na jenereta za dizeli. Mradi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ndio uliobuniwa kutuunganisha na gridi ya taifa. Basi kitu cha kwanza nilichonunua niliporudi kilikuwa betri na inveta. Cha pili kiti. Cha tatu ni fundi wa kuziba dirisha, kwa sababu huku tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na Juni upepo wa Ufipa unaingia mpaka kwenye vifundo vya vidole. Skrini ya pili ilikuja mwisho kabisa.

BINTI: Mzee, shikamoo tena. Hayo ni maneno ya mtu mwenye nyumba yake. Mimi nimepanga chumba kimoja, meza yangu ni ya kulia chakula, na mwenye nyumba akisikia neno "inveta" ataongeza kodi.

MKONGWE: Marahaba. Sikusema ununue changu. Nasema jua kinachokatika, halafu panga kazi yako kuanzia hapo. Nikupe mfano wa bure. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, inakupa nakala nzima ya kazi na historia yake ndani ya laptopu yako. Unaweza kuandika, kurekebisha, kurudi nyuma hadi juzi, bila hata chembe ya bando; mtandao unauhitaji siku ya kupeleka tu. Torvalds hakuwa na habari na Sumbawanga, lakini zana ile ni kama ilikatwa kwa kipimo chetu. Sasa angalia vijana wanavyoitumia: kila dakika wanasubiri seva iitikie. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ikapapasa gizani. Mimi vitabu vya lugha ninazotumia nimevihifadhi kwenye mashine. Nilifanya kazi.

BINTI: Na mteja wako wa mbali ulimpataje siku hiyo?

MKONGWE: Sikumpata. Ndiyo maana nilifanya kazi.

(Hapo benchi zima lilicheka, na mimi nilicheka. Lakini BINTI hakuwa amemaliza.)

BINTI: Wakenya waliona tatizo hilohilo wakajibu kwa njia nyingine. Watu wa Ushahidi, waliotengeneza ramani ya matukio ya vurugu za baada ya uchaguzi mapema mwaka 2008, walichoshwa na umeme na intaneti za kukatika wakabuni BRCK, kisanduku cha kuunganisha intaneti chenye betri ya kukaa takriban saa nane, kinachohama chenyewe kutoka waya kwenda mtandao wa simu. Kile kilitengenezwa watu wengi wakitumie pamoja. Mzee, wewe umejijengea kambi ya mtu mmoja na mlango una komeo.

MKONGWE: Mlango una komeo hadi saa sita mchana. Baada ya hapo uko wazi kwa yeyote, na nina chai.

BINTI: Na mimi ninayekwama saa tatu asubuhi?

Hapa ndipo mjadala wenyewe ulipoanza, na nataka msomaji akae hapa nasi kwa muda.

MKONGWE: Ukikwama saa tatu, chukua karatasi. Andika ulikuwa unataka nini kitokee, kimetokea nini, na umejaribu nini. Ukija saa sita na karatasi hiyo, nitakupa muda wote unaoutaka. Siku nyingi hutakuja kabisa, kwa sababu kosa utaliona ukiwa katikati ya sentensi ya pili. Andrew Hunt na David Thomas walishika jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1999: walimsimulia mtu wa kazi yetu anayeweka bata wa mpira mezani na kumweleza msimbo wake mstari kwa mstari, na akifika mahali penye kosa mdomo wake mwenyewe unamsuta. Bata hajui kitu. Kinachosaidia ni kueleza.

MWENYE STESHENARI: Kwa hiyo wewe mzee ni bata?

MKONGWE: Bata mwenye chai, ndiyo. Na kuna sheria yangu ya pili, ambayo siivunji: sishiki kibodi ya mtu. Ukinijia nitakaa pembeni, mikono mapajani. Nitakuuliza, nitakuonyesha kwa kidole, lakini atakayeandika ni wewe. Nimewaona mafundi hodari wanaofika kwenye meza ya kijana, wanamsogeza kwa bega, wanabofya mara tano, "haya, imekubali", wanaondoka. Kijana anabaki na programu inayofanya kazi na kichwa kitupu. Kesho anaita tena.

MWENYE STESHENARI: Nikifuata sheria hiyo mimi nafunga duka. Mteja anataka kujaza fomu ya mkopo wa chuo, au anatafuta namba ya malipo, au anaomba kazi serikalini, dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku. Nikimwambia "andika mwenyewe, mimi nitakuelekeza", foleni inafika barabarani. Nashika kibodi mimi, namaliza, analipa. Tena wengi wananiomba niwatunzie maneno ya siri. Nina daftari.

MKONGWE: Daftari la nini?

MWENYE STESHENARI: La maneno ya siri. Jina, mfumo, neno la siri. Mtu akirudi mwaka kesho amesahau, namfungulia.

BINTI: Mungu wangu.

MWENYE STESHENARI: Dada, usinitazame hivyo. Mifumo hiyo mmeitengeneza ninyi. Mngekuwa mmeitengeneza ili mama wa kule Muze aweze kuitumia kwenye simu yake ya vibonye, mimi nisingekuwa na daftari.

Niseme wazi kwamba daftari lile linatisha. Siku likipotea au likiibwa, mambo ya watu wengi yatakuwa mikononi mwa aliyeliokota. Lakini nililifikiria baadaye nikaona ni picha kamili ya sheria ya MKONGWE ikitazamwa kutoka upande wa pili: msaada uliotolewa vizuri kabisa, kwa moyo mweupe, na kila msaada ukimfanya aliyesaidiwa azidi kukuhitaji. Mwenye duka hana hila. Foleni ndiyo inayomwongoza. Na hapo BINTI akaileta foleni hiyohiyo ofisini.

BINTI: Mzee anasema kana kwamba kila mmoja ana asubuhi yake. Mimi nalipwa kwa kazi iliyokamilika. Mwenzangu akiniuliza, saa moja niliyompa haiko kwenye mkataba wa mtu yeyote. Na mimi nikiuliza, najua nimekula saa ya mtu. Halafu hiyo karatasi yako, mzee, nisamehe, kwa mikono mingine inageuka ukuta. Nimewahi kukaa kwenye timu, siitaji ni ipi, ambapo mimi peke yangu ndiye niliyekuwa msichana. Ukiuliza unaambiwa "kasome kwanza". Usipouliza ukachelewa, unaambiwa "kwa nini hukuuliza?" Mvulana akiuliza swali lilelile, wanavuta kiti. Sheria ya "andika kwanza" ni nzuri kwa anayejua kwamba mlango utafunguliwa saa sita. Kwa asiyejua, ni njia ya kistaarabu ya kumfukuza.

MKONGWE: Hapo umenigusa.

BINTI: Sijamaliza. Unajua tangu mwisho wa mwaka 2022 wengi wetu tunamuuliza nani? ChatGPT na wenzake. Saa nane za usiku, haichoki, haikunji uso, haiulizi kama nimesoma. Mnalalamika vijana wanainakili bila kuelewa. Lakini mtu haendi kwenye mashine kama mwenzake anapatikana.

MKONGWE: Akili mnemba naitumia hata mimi, sitakudanganya. Tatizo langu ni kwamba nayo inashika kibodi. Ukiuliza swali nusu, inakuandikia msimbo mzima, msafi, wenye maelezo, na hujalazimika kueleza chochote kwa yeyote. Halafu haiijui zahanati ya bonde la Rukwa.

MUUGUZI: Na ninyi mnaijua?

Sauti ya MUUGUZI ilikuwa haijasikika mpaka hapo. Alikuwa anasubiri zamu yake kwenye kompyuta. Swali lake lilipita bila kujibiwa, kwa sababu MKONGWE alikuwa tayari ameanza habari nyingine. Nalitaja hapa ili msomaji aone lilivyopita.

MKONGWE: Mwanangu, nikuambie hatari ya pili ya kukosa mwenza. Kuna programu ndogo inaitwa xz, kazi yake ni kubana mafaili, imo ndani ya seva nyingi duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Ufini, Lasse Collin, bila malipo. Mtu huyo alichoka, akasema hadharani kwamba hali yake si nzuri. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan: mpole, mchapakazi, anarekebisha hiki na kile. Wengine wakamshinikiza Collin amkabidhi majukumu. Akamkabidhi. Msaidizi akaja kupandikiza mlango wa siri ambao ungempa njia ya kuingia kwenye seva za watu. Mwezi Machi 2024 mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, akaona kuingia kwenye seva yake kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Akafukua mpaka akaukuta. Sasa niambie, kosa la Collin lilikuwa nini? Alikuwa peke yake muda mrefu mno, na mtu wa peke yake hana nguvu za kuchagua msaidizi.

BINTI: Mzee, hapo umejipiga mwenyewe. Hiyo ni hoja dhidi ya komeo lako.

MKONGWE: Ni hoja dhidi ya upweke. Komeo la saa chache si upweke.

BINTI: Basi nami nikutajie malungu. Wazee wetu Wafipa waliyeyusha chuma kwenye tanuri hizo za udongo zinazompita mtu kimo, nyingine zaidi ya mita tatu, zikivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Kisha chuma kile kikasafishwa kwenye tanuri ndogo, kintengwe, kwa kuvukutwa. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amezichunguza na kuziandika, na nyingine bado zimesimama huko Nkasi. Kazi ile ilihitaji kundi zima la watu: wachimba udongo wa chuma, wachoma mkaa, wajenzi. Lakini dawa na miiko ya tanuri alikuwa nayo fundi mkuu. Leo tanuri zipo, na hakuna kijana wa Namanyere anayeweza kuiwasha hata moja. Ndivyo inavyokuwa fundi akibaki na siri kichwani.

MKONGWE: Hapana, hapo unawaonea wazee. Malungu hayakuzimwa na siri. Yalizimwa na majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yaliyoletwa enzi za ukoloni kwa bei ambayo fundi wa Ufipa hakuiweza. Siri ile ilirithishwa vizazi hadi vizazi bila daftari, na chuma kikatoka. Mwanafunzi alikaa tanurini msimu mzima, akabeba mkaa, akaona. Ninyi mnataka kujua tanuri bila kubeba mkaa.

Katika hili nadhani MKONGWE ana historia upande wake na BINTI ana hoja upande wake, na vitu hivyo viwili havikutani. Ni kweli biashara ndiyo iliyoua malungu. Lakini ni kweli pia kwamba soko lilipokufa hakikubaki kitu cha kusoma ila kwa kazi ya wachache, wamisionari na watafiti waliokuja kuwauliza wazee kabla wazee hao hawajaondoka. Maarifa ya mikono yanarithiwa vizuri mradi mikono ipo kazini. Kazi ikisimama kwa kizazi kimoja, unahitaji maandishi.

Na maandishi ndiyo yaliyotufikisha kwenye msimbo wenyewe.

MKONGWE: Nitawaambia kwa nini mimi ni mkali kwenye jinsi ya kuandika. Serikali yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Miaka michache baadaye ikajaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta, na kazi hiyo ikaendeshwa kwa kutegemea mno wataalamu wa kigeni. Ikashindikana, fedha zikapotea, hesabu zikarudishwa kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Watu wa rika langu tulikuja kujifunza kazi hii baada ya marufuku kulegezwa, tukiwa tumeachwa nyuma. Kwa hiyo nikiona programu ambayo aliyeiandika peke yake ndiye anayeweza kuisoma, siioni kama umahiri. Naona 1974.

BINTI: Na katika hilo tuko pamoja. Lakini siku hizi tuna mfano mzuri zaidi wa kuiga. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, msimbo wake uko wazi, na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameufanyia kazi hapa kwa miaka. Wizara ya Afya inautumia nchi nzima. GePG, mfumo wa malipo ya serikali unaompa kila mtu namba ya kulipia, ulianza mwaka 2017 na ulijengwa na Watanzania walioajiriwa wizarani. Hizo ni timu. Hakuna aliyejifungia uani.

MKONGWE: Na katika timu hizo kuna watu waliofunga milango asubuhi, nakuhakikishia. Fred Brooks, aliyesimamia programu kubwa ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kazi ya programu iliyochelewa, ukiiongezea watu, inazidi kuchelewa. Kwa nini? Kwa sababu wapya wanakula muda wa wenye kujua.

BINTI: Na wenye kujua walikuwa wapya lini? Au walizaliwa wanajua?

MWENYE STESHENARI: Mwanangu huyu ana ulimi.

MKONGWE: Ana haki ya kuwa nao. Sawa. Nakubali hili: msimbo wangu uandikwe kana kwamba atakayeurithi ni mtoto wa kule Laela aliyeanza kazi jana, hana namba yangu ya simu na mimi nimeshakufa. Majina ya vitu yaeleweke. Sehemu ya ajabu iwe na maelezo ya kwa nini, siyo ya nini, maana "nini" anaiona mwenyewe. Na mbwembwe zipungue. Nikiwa kijana niliandika mistari mitatu ya kuwafanya wenzangu wanyooshe vichwa. Sasa naandika kumi ambayo mtu anaisoma huku anakunywa uji.

MUUGUZI: Naomba nami niseme, maana zamu yangu imefika na nikiondoka hapa sirudi.

Tukanyamaza. Nayaweka maneno yake yote bila kuyakata, kwa sababu ndiye aliyeupeleka mjadala mahali ambapo sisi wengine hatukuuona.

MUUGUZI: Mnabishana nani amsaidie nani, na wote mnaosaidiana ni mafundi. Mimi nawaeleza mambo ya chini. Kila mwezi tunajumlisha rejista za MTUHA, za taarifa za huduma za afya, kwa mkono, vitabu vikubwa hivi, halafu karatasi za muhtasari zinakwenda wilayani kuingizwa kwenye mfumo. Hilo tumelizoea. Sasa kuna mfumo mmoja uliwahi kuletwa, siutaji jina, wa kuandikisha wajawazito kwenye simu. Mzuri, una rangi. Lakini ulitaka namba ya simu ya kila mama. Usipojaza hauendelei, unakuandikia maneno mekundu. Kwetu bondeni wako akina mama wengi wasio na simu; simu anayo mume, na mume yuko ziwani. Tungefanyaje? Nikaandika namba yangu. Mama wa pili, namba yangu. Mwisho nusu ya wajawazito wa kijiji wana namba yangu. Kumbukumbu za kliniki zikawa zinakuja kwangu: "Ndugu mama mjamzito, usisahau." Usiku! Nikapiga simu kwenye namba ya msaada. Kijana akanijibu vizuri sana, ana adabu, akasema: "Dada, jaza namba, itakubali." Nikamwambia nimejaza, imekubali, ndilo tatizo lenyewe. Hakunielewa. Kwenye kompyuta yake kila kitu kilikuwa kijani. Taarifa zilikuwa zinaingia asilimia mia. Sasa mzee, huyo kijana alihitaji msaada, au mimi ndiye niliyehitaji?

MKONGWE: Yeye.

MUUGUZI: Na angeupata kwa nani?

MKONGWE: Kwako. Ilikuwa akuombe.

MUUGUZI: Hakuna aliyeniomba. Walikuja siku moja kutufundisha kubofya, wakapiga picha, wakaondoka. Kama mmoja wao angekaa siku mbili kwenye dirisha la kliniki, mikono mapajani kama unavyosema, angeona ninavyoandika namba yangu mwenyewe. Asingehitaji hata kuniuliza.

BINTI: Na marekebisho yenyewe ni kazi ya dakika tano. Unaondoa ulazima kwenye ile namba, unaweka nafasi ya "hana simu".

MUUGUZI: Dakika tano?

BINTI: Kumi, pamoja na kujaribu.

MUUGUZI hakujibu. Alikwenda kwenye kompyuta kujaza maombi yake ya uhamisho, na MWENYE STESHENARI, nilimwona, akaiacha kibodi mbele yake, akasogeza kiti, akakaa pembeni. Foleni ilikuwa ya mtu mmoja tu saa hiyo, kwa hiyo nisimpambe kupita kiasi.

Mjadala una desturi ya mwandishi kutoa hukumu yake, nami natoa yangu. Kwenye mahali pa kazi MKONGWE ameshinda kwa mpangilio wake: kwanza umeme, kiti na kazi inayoendelea bila mtandao, halafu mapambo. Ameshindwa pale anaposahau kwamba asubuhi yenye komeo ni mali, na wengi hawana fedha ya kuinunua. Kwenye kusaidia wenzake, sheria yake ya kutoshika kibodi ni bora kuliko zote nilizosikia, lakini sheria ya karatasi ipewe masharti ya BINTI: anayeambiwa "andika kwanza" lazima pia aambiwe saa kamili ambayo mlango utafunguliwa, na ufunguliwe kwa wote sawa. Muda wa kufundishana nao uingizwe kwenye mikataba na kwenye bajeti. Ofisi inayomlipa mtu kwa kazi aliyokamilisha peke yake, kisha ikashangaa kwamba hafundishi, imepata ilichonunua.

Hoja ya MUUGUZI haikuwa kwenye orodha, na ndiyo iliyozishinda zote. Sisi wote, pamoja na mimi niliyezitunga sauti hizi, tuliingia tukidhani msaada unateremka: kutoka kwa mwenye miaka mingi kwenda kwa mchanga, kutoka kwa mchanga kwenda kwa mtumiaji. Yule kijana wa namba ya msaada hakupungukiwa na mkongwe wa kumwelekeza msimbo. Alipungukiwa na muuguzi, na hakujua kwamba amepungukiwa.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, na kwa yeyote anayepokea mfumo mpya kwa niaba ya wananchi. Msisaini kupokea kazi mpaka mtu aliyeandika msimbo, yeye mwenyewe na si meneja wake, awe amekaa siku kadhaa zahanati, au kwenye kizuizi cha ushuru wa mahindi, au kwenye steshenari ya stendi, akitazama bila kugusa kitu. Gharama yake ni nauli na posho ya siku chache, na iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo.